Reli Iliyolia Msibani

Fanueli alishika nyundo, akaigonga reli. Ngaa! Ngaa! Kipande hicho cha reli kilining'inia mbele ya banda la makuti, katika kambi ya wakata mkonge upande wa Moa. Ndicho kilichokuwa kengele yake. Kila Jumanne na Alhamisi jioni kiliwaita watu waje kusoma na kujifunza habari za ubatizo.

Aligonga, akangoja. Akagonga tena. Akaja kuku mmoja, akachungulia ndani ya banda, akaenda zake.

Fanueli alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri. Kwao ni milimani, Usambara. Kanisa lilimtuma kuwahudumia wafanyakazi wa mkonge, naye alikuwa mtu wa bidii, hilo hakuna aliyemnyima. Mwezi uliopita banda lilikuwa likijaa. Sasa mabao ya kukalia yalikuwa matupu, na roho ilimuuma.

Alirudi nyumbani amenuna. Mkewe, Beatrisi, alikuwa akichambua mchicha.

"Hawakuja?" aliuliza Beatrisi.

"Watakujaje? Nyapara Uweso anawakataza. Yeye Mwislamu, hataki watu wabatizwe."

"Juzi ulisema ni mvua, Baba Bibiana."

"Na mvua pia."

"Wiki iliyopita ulisema ni pombe."

"Na pombe pia! Mke wangu, wewe uko upande gani?"

Beatrisi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alijua kinachomsumbua mumewe. Jumapili Mchungaji Abrahamu angekuja kuwaona wanafunzi wa ubatizo. Fanueli alikuwa ameshayapanga maneno yake: nyapara Uweso anapinga kazi ya Mungu. Mchungaji angeyafikisha kwa meneja wa shamba. Na nyapara akishashtakiwa kwa meneja, hakawii kufukuzwa kazi.

"Umemwuliza Mapunda?" alisema Beatrisi. "Yule alikuwa wa kwanza kufika kila siku."

"Nimwulize nini? Mambo yanajulikana."

"Hayajulikani, unadhani tu. Ukimfukuzisha mtu kazi kwa kudhani, utasali vipi?"

Fanueli alichukua kofia yake, akatoka.

Mapunda alikuwa mkata mkonge kutoka Songea. Fanueli alimkuta kibarazani akijitoa miba vidoleni. Alipomwona mwalimu wake, aliinama kwa haya.

"Mapunda, niambie kweli. Uweso amekukataza kuja?"

"Aka, Mwalimu! Uweso hajanikataza."

"Basi ni nini?"

Mapunda alichomoa mwiba mwingine. "Unaikumbuka siku aliyozikwa mama yake Uweso?"

"Naikumbuka. Nilikuja kutoa pole."

"Ulikuja, Mwalimu. Ulitoa mkono umesimama, na viatu miguuni. Sisi tulikuwa tumekaa mkekani, tumetoka makaburini wakati ule ule. Kisha tukasikia reli. Kina mama bado wanalia ndani, na reli yako inalia nje."

"Ilikuwa Alhamisi," alisema Fanueli polepole. "Siku ya somo."

"Huku Pwani matanga yakikaa, kila kitu hungoja. Na yule bibi, Mwalimu, niliposhikwa na homa ndiye aliyenipikia uji. Sikumjua, hakunijua. Ningemwachaje siku ile?"

"Uweso alisema nini aliposikia reli?"

"Alisema, 'Nendeni, mwalimu wenu anawaita.' Yeye mfiwa ndiye aliyetuambia twende! Sisi tukaona aibu. Tangu hapo aibu haijatutoka."

Fanueli alitaka kusema kwamba yeye ni mtu wa milimani, hakuzijua desturi za huku. Alitaka kusema kwamba hakuna aliyemwambia. Maneno yalifika mdomoni, akayameza. Hata kwao milimani watu hukaa na mfiwa. Alijua, ila siku ile alilipenda somo lake kuliko jirani yake.

Aliporudi nyumbani alimsimulia mkewe yote. Beatrisi alitia mchele katika kapu.

"Twende wote," alisema. "Lakini usimwambie, 'kama nimekukosea.' Umemkosea. Sema hivyo tu."

"Hodi!" waliita mlangoni kwa Uweso.

"Karibuni."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Piteni ndani."

Safari hii Fanueli alivua viatu, akakaa mkekani.

"Mzee, nilipiga reli katika msiba wako. Watu walipoacha kuja kwangu, nikakusingizia wewe. Nimesema kwamba unawazuia. Si kweli. Kosa ni langu, sina wa kumtwika. Nisamehe."

Uweso alilipokea kapu la mchele, akaliweka kando.

"Liliniuma," alisema Uweso. "Sitakuficha. Lakini marehemu mama aliipenda reli ile. Akiisikia alisema, 'Mwalimu ameita, na mimi niinjike chungu changu.'" Alifuta macho kwa kiganja. "Nimekusamehe, mwanangu. Semeni! Walete wageni chai."

Semeni, binti yake, alileta chai na mihogo, wakala pamoja.

Jumapili Mchungaji Abrahamu alifika. Bandani alimkuta Mapunda na wenzake wachache, wale ambao Fanueli alikwisha kuwapitia nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi.

"Nilisikia wako wengi," alisema Mchungaji. "Nani amewatawanya?"

"Mimi, Mchungaji," alijibu Fanueli. Akaeleza yote mbele ya wote.

Mchungaji aliwatazama wale wachache. "Basi endelea nao," alisema. "Nitarudi baada ya mavuno. Mtu anayesema 'mimi' anaweza kutengeneza. Anayesema 'wale' atangoja sana."

Na kweli, watu walirudi mmoja mmoja, hata mabao yakajaa.

Siku moja mtoto wa jirani alifariki kambini. Ilikuwa Jumanne. Jioni ilipofika, reli ilining'inia kimya. Fanueli na Beatrisi walikuwa msibani, yeye mkekani pamoja na wanaume, mkewe ndani pamoja na kina mama. Walikaa mpaka matanga yakaanuliwa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa ya somo ilipofika, Fanueli alikuwa bado amekaa kibarazani kwa yule mfiwa aliyekwenda kumwona, akimsikiliza. Aliona haraka haifai. Mara akasikia, ngaa! ngaa! Aliinuka, akatazama upande wa banda.

Alikuwa Uweso, nyundo mkononi.

"Mwalimu!" aliita. "Watu wako wamefika, wanakungoja!"