Mlango Uliojaribiwa Kutoka Ndani

"Sanduku halifunguki, Ushahidi. Nimejaribu tangu juzi."

"Linafunguka. Nimelijaribu mwenyewe sasa hivi."

"Basi umenifungia mimi peke yangu."

"Usinitafutie visingizio, Fundi. Kama una neno, liandike. Kama huna, sema huna."

Ushahidi alikuwa amesimama sebuleni kwao, simu sikioni, mkono kiunoni, macho kwenye kompyuta kuukuu iliyowekwa chini ya cherehani ya mama yake. Juu ya kompyuta hiyo palikuwa na taa ndogo ya kijani inayowaka kila ujumbe unapoingia. Muda mfupi kabla ya simu alikuwa amejitumia ujumbe wa majaribio kutoka kwenye laptopu yake, na taa ikawaka papo hapo. Mashine ilikuwa nzima. Asiyeandika ni Fundi.

"Nikikwambia halifunguki huniamini?"

"Naamini ninachokiona."

Fundi akakata simu.

Jina la Ushahidi alilipata kwake huyohuyo. Walikutana kwenye darasa la Jumamosi la wanaoanza kuandika programu. Ushahidi alikuwa mpimaji wa maabara ya hospitali, mtu asiyesema mgonjwa ana malaria mpaka amewaona wadudu kwa darubini. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti, mcheshi, mwenye vidole vyenye grisi isiyotoka. Siku ya kwanza mwalimu aliwaambia kwamba programu ile itafanya kazi, Ushahidi akasema, "Tuone kwanza." Fundi akacheka hadi akapaliwa. Kuanzia siku hiyo hakumwita kwa jina jingine.

Mradi wao waliuita Sanduku. Mmoja anaandika kwake, maneno yanatokea kwa mwenzake, basi. Darasani lilifanya kazi vizuri kwa sababu meza zao zilipakana. Fundi alipohamishiwa mji wa mbali kufunga lifti za jengo jipya, Sanduku likawa bubu. Ndipo mwalimu akawaeleza kuelekeza poti. Ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachogawa intaneti, alisema, ni kama mlinzi wa geti: wa ndani wanatoka watakavyo, lakini mgeni wa nje haruhusiwi mpaka mlinzi aambiwe, anayekuja kwa mlango namba fulani mpeleke chumba fulani. Ushahidi akaingia kwenye mipangilio ya ruta yao, akaandika namba ya poti, yaani ule mlango, akaandika na namba ya kompyuta iliyo chini ya cherehani. Taa ya kijani ikawaka.

"Hodi," Fundi aliandika, kutoka umbali wa safari ya kutwa nzima.

"Karibu," akamjibu, akafurahi kwa namna ambayo asingeweza kuipima.

Wakawekeana sharti. Simu ni ya mambo ya kawaida: umekula, umefika, mvua imenyesha. Jambo zito, la mapenzi au la ugomvi, linaandikwa Sandukuni, maana kwenye simu kila mmoja humkatiza mwenzake. Sharti lilikuwa la Ushahidi. Fundi alilikubali kama alivyoyakubali mengi.

Halafu ikaja ile Jumamosi ambayo Fundi alikuwa aje na shangazi yake kuleta posa. Baba Mdogo alivaa koti lake la harusini. Mama alipika cha kutosha watu ishirini. Jioni ikaingia bila mgeni. Fundi alituma neno moja tu kwa simu, kwamba amekwama kazini na ataeleza, na Ushahidi akamjibu, "Eleza Sandukuni." Akakaa akiitazama taa. Haikuwaka.

Baada ya simu ile kukatwa, Mama aliinua uso kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akikishona.

"Mwanangu, si umsikilize tu hivyohivyo, kwa mdomo?"

"Nimeshapima, Mama. Mashine haina tatizo."

"Umepima mashine. Yeye umempima na nini?"

Siku mbili baadaye simu ya Ushahidi ikaingiza ujumbe wa Fundi: "Nimeelewa. Nakutakia heri." Akausoma akiwa maabara, na glavu mkononi, akaona kwamba umethibitisha kila alichokuwa amekwisha kukiamini. Alimpigia Baba Mdogo, akamwomba awaambie watu wa yule bwana wasisumbuke tena. Kisha akarudi kwenye darubini.

Mwaka ukapita, na ziada. Hakupata mtu, na hakusema kwamba anatafuta. Darasani alikuwa amepanda cheo, sasa alimsaidia mwalimu. Jumamosi moja mama mmoja mwenye duka la vitambaa alikuja amenuna. Programu aliyoiandika ili dada yake wa mbali aone vitambaa vipya ilikuwa imekufa, alisema, na dada mtu anasema amefungiwa, wakati yeye nyumbani anaiona vizuri kabisa.

Mwalimu hakugusa hata kibodi.

"Uliijaribu ukiwa wapi?"

"Nyumbani, mwalimu. Kitandani kwangu."

"Kwa waifai ya hapohapo nyumbani?"

"Ndiyo."

"Basi hukujaribu mlango, mama. Wewe ulikuwa tayari uko ndani." Kisha akauliza kama umeme ulikatika karibuni. Mwenye duka akasema ulikatika. Mwalimu akaeleza kwamba ruta ikizimika na kuwaka huzigawia mashine za ndani namba upya, anayewahi kuamka anaweza kuchukua ya mwenzake, na mlinzi anabaki kuwapeleka wageni chumba kilekile cha zamani, ambacho sasa kina mtu mwingine. "Funga namba ya mashine isibadilike. Na siku zote jaribu ukiwa nje."

Darasa likaendelea. Ushahidi hakusikia tena neno. Alikuwa akikumbuka jambo moja: katikati ya wiki ile ya posa umeme ulikatika, na Mama alikuwa ndiyo kwanza amenunua televisheni inayotumia waifai, ili wageni wakija wakute kitu cha kutazama.

Alifika nyumbani, akaipita salamu ya mama yake, akazima waifai kwenye simu, akajaribu Sanduku kwa bando la simu. Halikufunguka. Akaifungua ruta. Poti ilikuwa bado wazi, vilevile alivyoiacha, ikimpeleka kila mgeni kwenye televisheni.

Akasahihisha namba. Hakutarajia kitu. Lakini Fundi, kwa kuwa lifti humfundisha mtu kutoamini jaribio moja, alikuwa ameiandika programu yake hivi: ujumbe usiofika usitupwe, urudiwe kila saa.

Saa kumi na moja kamili taa ya kijani ikawaka. Ikazimika. Ikawaka tena.

"Nisamehe ya Jumamosi. Lifti ilikwama na mama mjamzito ndani. Nisingeweza kumwacha."

"Shangazi yuko tayari Jumamosi ijayo. Niambie tu, njoo."

"Sanduku linanikataa. Umelifunga?"

"Nitasubiri siku mbili. Usipojibu nitajua umeamua, wala sitakusumbua."

Mama alikuwa ameacha kushona. Ushahidi akapiga simu. Iliita mara chache ikapokelewa.

"Ushahidi." Namba hakuwa ameifuta.

"Zimefika."

"Nini?"

"Jumbe zako. Zote. Sasa hivi."

Alimsikia akivuta kiti na kukaa.

"Uliniambia umejaribu."

"Nilijaribu."

"Ukiwa wapi?"

"Ndani," akasema. "Nilijaribu nikiwa ndani."

Fundi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliposema, sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililomuumiza Ushahidi zaidi.

"Nilikwambia halifunguki."

"Uliniambia. Nikaona kipimo changu kinajua kuliko wewe. Nisamehe, Fundi."

"Nilishakusamehe zamani, ila kwa kosa lingine. Nilidhani hukunitaka." Akashusha pumzi. "Na mimi ningeweza kupanda basi. Ningekuja kugonga kwa mkono. Kiburi tu."

"Bado naweza kujibu," akasema Ushahidi. "Ile ya pili, ya kukwambia njoo."

"Nimeoa. Mwezi wa tatu huu."

Mama, ambaye alikuwa akisikia upande mmoja tu, alimtazama binti yake usoni, akainamisha kichwa.

"Hongera," Ushahidi akasema, na sauti ikatoka sawasawa. "Ni mwema?"

"Mwema. Akikasirika huniambia hapohapo, hata nikiwa juu ya ngazi." Alitaka kucheka, hakuweza. "Hii programu ilikuwa kwenye kompyuta ya karakana. Nilisahau kabisa kwamba bado inabisha hodi. Niizime?"

"Izime."

"Na wewe?"

"Nitafunga upande wangu."

Wakaagana kwa heshima, kama watu waliowahi kusoma pamoja. Ushahidi akarudi kwenye ruta, akafuta ile amri ya poti, akahifadhi. Kisha akachukua simu na kuvaa ndala.

"Unakwenda wapi tena?" Mama akamuuliza.

"Hapo nje tu."

Akatoka getini, akavuka barabara, akasimama upande wa pili ambako waifai ya kwao haifiki. Akajaribu mara moja, akangoja, akajaribu tena. Safari hii mlango ulikuwa umefungwa kweli.