Waya Usiokunywa Maji

Nakaa Makambako. Nalima mahindi na viazi, na nina lori kuukuu la kubebea magome ya miti ya miwati. Asubuhi napika uji mwenyewe. Sufuria ni ile ile, mwiko ni ule ule, ila aliyekuwa anakoroga hayupo. Mke wangu Tabea alifariki wakati wa mvua za mwaka jana. Daktari alikuwa Njombe, na daraja lilikuwa limevunjika. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule boma, aliambiwa habari za daraja tangu kiangazi. Kodi aliichukua, daraja akaliacha.

Mwaka huu binti yetu Hulda, aliyeolewa Njombe, alipata mtoto wa kike. Akaniletea habari: "Baba, Jumapili tunambatiza. Tunampa jina la mama. Njoo ulitamke wewe kanisani."

Nilitamani kufika kuliko kula. Lakini mvua ilinyesha kila siku, na lori langu likilowa linazima. Nilikuwa nimekwisha kukwama njiani, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Siku mbili kabla ya ubatizo nikamwita jirani yangu Filbert. Wakati wa vita alitengeneza magari ya jeshi.

"Kamwene, Baba Hulda. Limezima tena?"

"Kamwene. Limezima. Barabara gani hii ya serikali? Tope mpaka kwenye injini!"

"Serikali tutaisema baadaye. Fungua boneti."

Panya walikuwa wamekata waya unaopeleka umeme kwenye injini, nami nikauunga mwenyewe. Nilisokota ncha mbili, nikazitia ndani ya kipande cha mwanzi ili zisilowe. Mdomo wa mwanzi ulikuwa juu, pingili chini.

Filbert akauinamisha ule mwanzi. Maji yakamwagika kwenye viatu vyake. Akacheka mpaka akashika bampa.

"Mzee, hapa umekinga ulanzi!" Kwetu pombe ya ulanzi hukingwa kwa mwanzi namna hiyo hiyo.

"Usinicheke. Nilitaka kuzuia mvua."

"Umeikaribisha, tena umeipa kikombe. Tazama shaba hii. Imekuwa kijani, maji yameila. Umeme haupiti vizuri, ndiyo maana injini inazima."

"Sasa tufanyeje?"

"Toa kwanza waya wa betri. Usiguse nyaya zikiwa na umeme."

Nikautoa. Nikakata shaba mbovu mpaka nikaona shaba nyekundu inayong'aa. Filbert akanipa kiungio, kibomba kifupi cha shaba. Nikaingiza ncha moja huku, nyingine huku, nikakibana kwa koleo. Nikavuta kwa nguvu. Hakikuachia.

"Nimemaliza!" nikasema.

Filbert akainua mrija mfupi wa mpira. "Na hili koti nani atavaa? Mpira unavishwa kwenye waya kabla ya kuunga. Sasa utaupitishia wapi?"

Nikasema neno moja la Kibena lisilofaa kuandikwa. Nikakata, nikaanza upya. Safari hii mpira ulitangulia. Nilipokwisha kubana kiungio, nikakipaka grisi kidogo, nikavuta mpira ukakifunika chote. Ukabana waya pande zote mbili.

"Shaba inaonekana?" akauliza Filbert.

"Haionekani."

"Vizuri. Sasa kilaze kiungio, kisitazame juu. Waya ulegee kidogo kando yake, matone yaanguke pale. Halafu ufunge mbali na bomba la moshi, mpira usiyeyuke."

Nikarudisha waya wa betri. Filbert akamwaga ndoo nzima ya maji juu ya kile kiungio. Nikapiga stata. Injini ikawaka.

Jumapili niliondoka alfajiri. Mvua ilinyesha njia nzima. Daraja lilikuwa limekwisha kutengenezwa, lakini madimbwi yaliruka mpaka kwenye kioo. Nilisikiliza injini kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Haikukohoa hata mara moja.

Barabara ni mbovu vile vile mpaka leo, na wakubwa wanapita wakiwa wamefunga madirisha. Lakini sisi wenye malori tunaweza kufunga nyaya zetu vizuri. Hilo halingoji ruhusa ya boma.

Nilifika kanisani wanaimba. Hulda akanipa mtoto mikononi. Mchungaji akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Tabea," nikasema.

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kelele. Mchungaji akaweka mkono sikioni. "Sema tena, mzee. Sikusikia."

Nikasema tena. Hata angeniuliza mpaka jioni, ningelisema.