Mabawa ya Hiyas

Walikutana kwenye soko la Divisoria, watu wamebanana kwenye vibanda vya vitambaa. Hiyas, mchoraji, gauni lake la njano limejaa madoa ya rangi, alimkanyaga kijana mmoja aliyevaa shati jeupe, jina lake Benjo.

"Dada, huo mguu, si zulia!"

"Uondoe basi, umejaza njia nzima!"

Benjo akacheka mpaka akashika kiuno. Tangu hapo simu hazikukatika. "Umeshakula, mpenzi?" "Bado, nachora." "Njoo nikulishe, usije ukanikondea bure." Haukupita mwaka, pete ya uchumba ikavishwa.

Ikafika siku ya kina Benjo kwenda kuposa rasmi, na masufuria yao ya tambi. Sebuleni kwa kina Hiyas ilining'inia picha mpya, rangi mbichi: mwanamke mwenye mabawa ya popo anaruka juu ya msitu wa maua, amekatika kiunoni, miguu kaiacha chini imesimama peke yake. Uso ni wa Hiyas mwenyewe. Nani pale asiyemjua manananggal, mchawi wa hadithi za bibi anayeruka usiku kunyonya mimba za watu?

Na dada yake Benjo alikuwa mjamzito.

"Yesu na Maria!" Mama Perla, mama yake Benjo, alimvuta bintiye nyuma. "Anayejichora hivi aingie nyumbani kwangu?"

"Mama, ni picha tu. Nusu yangu iko jikoni, nusu iko kwenye rangi."

"Basi zote mbili zibaki hukuhuku!"

Hiyas akamtazama Benjo. Neno moja tu lingemtosha. Benjo aliinama, akachezea mfuniko wa sufuria.

Jioni akapiga simu. "Mpenzi, mama amelainika. Futa mabawa, mchoree miguu, yaishe."

"Na wewe unataka hivyo?"

"Mimi naipenda sana ile picha, naapa. Lakini mama ni mama."

"Bora ungeichukia, Benjo. Mama yako kaogopa mchawi, namwelewa. Wewe umemwogopa mama yako. Nikiolewa humo, nani atanitetea?"

"Hiyas, usiwe mgumu. Ni rangi tu."

Hiyas akakata simu. Pete ilikataa kutoka. Akaipaka sabuni, akaivuta huku analia kwa sauti, mpaka mama yake akaja, akamshika mkono, wakaivuta wote wawili.