Ufa Uliopakwa Rangi

Kila asubuhi kabla ya shule, Zubaida alijaza maji kwenye rejeta ya lori la baba yake, Swaib. Na kila asubuhi uwanja wa nyumba yao mtaani Kyebando ulijaa majirani, waliokuja kuomba moto na kuondoka na umbea.

Umbea wa wiki hiyo ulikuwa lori lenyewe. Lilikuwa limechemka kwenye mlima wa Lubaga likiwa na matofali, na Swaib, kwa haraka zake, akaimwagia injini maji baridi ingali moto. Bloku, chuma kile kizito kinachobeba injini nzima, ikapasuka.

Fundi aliutazama ufa, akatikisa kichwa. "Chuma cha zamani hiki, Swaib. Nikichomelea hapa, kitapasuka pale. Na bloku nyingine ya lori kama hili hupati."

Swaib akauziba ufa kwa gundi, akaupaka rangi, akatafuta mnunuzi. Akaja Mzee Ojara, askari mstaafu.

"Washa," alisema.

Injini ikanguruma. Majirani wakapiga vigelegele utadhani bibi harusi katoka nje.

"Inaimba!" akachekelea Mama Hortense wa jirani.

"Basi zima, nimeridhika," Mzee Ojara akasema, akinyoosha mkono wapatane.

Zubaida alijua gundi ile inashika injini ikiwa baridi tu. Alijua pia kwamba nyumbani hakukuwa na kitu kingine cha kuuza.

"Mzee, isizimwe kwanza," akasema. "Ngoja ipate moto."

"Mtoto ana kisirani huyu!" Mama Hortense akafoka. Baba akamkazia macho bintiye, lakini mzee alikuwa amesharudisha mkono mfukoni.

Wakangoja. Rangi ikavimba, mvuke ukafoka, maji yakachuruzika hadi chini. Vigelegele kimya.

"Asante, binti," Mzee Ojara akasema, akaenda zake.

Lori likakatwakatwa, likauzwa kama chuma chakavu. Siku vipande vilipochukuliwa, Zubaida alilia. "Baba, nimetuharibia."

Swaib alimfuta machozi. "Aliyeharibu ni mimi, kule mlimani. Lori lile lingemfia mzee njiani, na watu juu yake. Ukweli wako haujatuletea chakula, mwanangu, sitakudanganya. Lakini shida ni yangu. Si halali kumuuzia mwenzangu."

Akavaa ndala, akashuka sokoni Nakivubo kutafuta toroli la kusukumia mizigo ya watu.