Uozo Kwenye Ua wa Mipungate

Kila alasiri, baada ya shule, Eneless alikuwa na kazi mbili: kuchota maji Ziwa Mweru, kisha kukagua ua wa mipungate, mimea minene ya miiba isiyo na majani, uliozunguka shamba lao la mihogo pale Nchelenge. Baba yake alikuwa akivua samaki kisiwani Chisenga, na mama yake, Ennie, alishinda juani akianika samaki. Ua ule wenye miiba ndio pekee uliowazuia mbuzi wa jirani.

Mvua za mwaka 1956 zilipoanza, baadhi ya mipungate ililainika, ikawa myeusi na kutoa maji yanayonuka. Mama akamwita bwana shamba, Kafula. Alipopasua kipande kimoja, nzi walikivamia mara moja.

"Huu ni ugonjwa wa bakteria, vijidudu tusivyoviona kwa macho," alisema. "Nzi na mbawakawa hunywa maji haya, kisha hutua kwenye jeraha la mmea mzima na kuuambukiza. Kata kila kilichooza, ukizike mbali siku hiyo hiyo. Na kisu ukipitishe motoni."

"Nimesikia, Ba Kafula," alijibu Eneless kwa heshima.

Siku tatu alikata na kuzika. Siku ya nne shingo ilimuuma kwa kubeba ndoo, viganja vilijaa miiba, na udongo ulikuwa mzito kwa mvua. Akavirundika vipande nyuma ya ua, akavifunika kwa nyasi.

"Umevizika?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Ndiyo, mayo."

Tangu siku hiyo hakuchimba tena. Baada ya wiki tatu upande mzima wa ua ulianguka. Asubuhi wakakuta mbuzi wanne shambani, na mihogo michanga imebaki vijiti.

Mama aliketi pale pale matopeni. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mwenye mbuzi, mjane aliyeitwa Olipa. Eneless alimfuata.

"Vilivyooza tulivizika vyote; ni wewe umeumwagia ua wangu maji ya moto ili mbuzi wako wapate kula!" mama alifoka.

"Mimi, Ennie?" Olipa aliuliza, mwiko mkononi. "Mimi niliyekupa miche ya mihogo hiyo?"

Eneless alijitia kati yao. "Mayo, si yeye. Ni mimi. Nilichoka, sikuvizika vipande. Viko nyuma ya ua, vimejaa nzi."

Mama hakumpiga. Alionekana amechoka kuliko siku zote. "Nisamehe, Olipa," alisema polepole.

Olipa aliwafunga mbuzi kamba, akachukua jembe lake. Walichimba wote watatu mpaka jua likapinda, wakazika kila kilichooza, na pengo wakaliziba kwa matawi ya miiba.

Mwezi mzima Eneless alikata na kuzika bila kukosa siku. Uozo ukakoma, na vijiti vya mihogo vikachipua.

"Kuchoka si kosa, mwanangu," mama alimwambia walipokuwa wakiyatazama machipukizi. "Mimi huchoka, Olipa huchoka. Ukishindwa, sema, tukusaidie. Lakini ukisema kazi imekwisha nayo haijaisha, mzigo wake utamwangukia mtu asiye na kosa. Na heshima ya jirani, ukishaivunja, haichipui upesi kama mihogo."