Mnavu wa Sikujua

Mtoto aitwaye Sikujua alikuwa na mnavu mmoja, kwenye kopo la rangi, nyuma ya nyumba.

Kila asubuhi aliuimbia:
"Jani, jani, kula jua.
Ukishiba, nami nile."

Jirani, Mzee Kombo, akapandisha ukuta. Tofali juu ya tofali. Pu, pu, pu.

Kivuli kikaja, kikakaa. Mnavu ukageuka njano.

Sikujua akaenda kumwambia. Mzee Kombo akacheka tu, akasema mboga zimejaa sokoni.

Shangazi Mashavu anafanya kazi chuoni, kwenye nyumba ya miche. Akaleta kichupa. Humo mna chembe, alisema, ndogo mno. Mbele yake sisimizi ni mlima. Zikiingia kwenye jani, hulisaidia kunasa mwanga, likapika chakula chake.

Sikujua akanyunyiza. Fyu, fyu, fyu.
"Jani, jani, kula jua.
Ukishiba, nami nile."

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya tatu, jani likaanguka. Likafuata jingine. Na jingine.

Shangazi akakuna kichwa. Bibi yake Sikujua hakukuna chochote.
"Jani mmelipatia jiko jipya," alisema. "Kuni ziko wapi?"

Sikujua akautazama ukuta. Ukuta haukumtazama.

Mlangoni pa choo palikuwa na kipande cha jua, kidogo kama leso. Akaburuta kopo mpaka pale. Kwaru, kwaru.

Jua likahama. Kwaru, kwaru, akalifuata. Leo hivyo, kesho hivyo, mpaka viganja vikaota malengelenge.

Basi chembe zikapata mwanga wa kunasa. Mnavu ukarudi kijani, ukatoa majani mapya. Yale yaliyoanguka hayakurudi.

Ikapatikana mboga ya kibakuli kimoja. Bibi akaigawa nusu.
"Mpelekee Mzee Kombo."

Mzee Kombo akaonja, akakunja uso.
"Mbona chungu hivi?"

"Imeota kwenye kivuli chako," akasema mtoto.

Mzee Kombo akatazama chini.
"Sikujua, mjukuu wangu."

"Sikujua ni mimi. Wewe ulijua. Nilikwambia."

Sikujua akarudi nyumbani, akala nusu yake, uchungu na yote. Akajilaza mkekani, kopo ubavuni.

Akiwa usingizini, ikasikika: pu.

Ukuta upo mpaka leo. Umepungua tofali moja. Moja tu, Mzee Kombo na ubahili wake.

Lakini jua linapita hapo, linamfikia jirani yake.

Jani, jani, kula jua.
Mwenzio kala, kalala.