Nukta Nyekundu Yenye Mkia

Tk.

Kimya kidogo. Kisha tena, kutoka chumba cha chini ya nyumba: tk.

Giza la alfajiri ya Januari lilikuwa bado limeganda madirishani. Nilikuwa kitandani namnyonyesha mwanangu mdogo, na mlio ule ukanituliza kama saa ya ukutani inavyowatuliza wengine. Ulikuwa mlio wa bastola tupu. Baba mkwe wangu, Emory Vrabel, alikuwa akijizoeza kulenga ukuta kabla ya kwenda kazini: mkono mmoja umenyooka, mwingine mfukoni, na ndani ya bastola kipande cha plastiki mahali pa risasi, ili chuma kisigongane na chuma kikaharibika. Akimaliza huifungia ndani ya sanduku lenye kufuli, huvaa koti lake zito, hutoka kwenda kuwasha basi la shule.

Hivyo ndivyo nilivyomkuta nilipoolewa katika nyumba hii. Hapa mjini kwetu, milimani magharibi ya Pennsylvania, migodi ilifungwa zamani lakini klabu ya shabaha haijafungwa hata siku moja. Kila Jumanne jioni ya majira ya baridi watu hukusanyika chini ya jumba la zimamoto. Msidhani ni ubabe. Ni kusimama kimya, kushusha pumzi, na kuweka tundu dogo katikati ya duara jeusi. Baba alikuwa bingwa wa jambo hilo. Tena alikuwa dereva aliyeaminiwa na mtaa mzima, na binti yangu Tessa, wa darasa la kwanza, alikuwa miongoni mwa watoto aliowabeba kila asubuhi.

Nawasimulia haya ninyi mlio na wazee nyumbani, na ninyi mnaozeeka bila kutaka kuambiwa.

Mambo yalianza kuharibika tangu majani ya miti yalipopukutika. Matundu ya Baba, yaliyokuwa yakikaa pamoja kama mbegu ndani ya tunda, yakaanza kutawanyika. Jumanne moja alirudi amenuna, na iliyofuata akasema mtutu umechakaa. Baadaye kifyatulio ndicho kikawa kizito. Kila wiki bastola ilikuwa na ugonjwa mpya.

Ilikuwa bastola ya marehemu kaka yake, Stan, aliyemfundisha kupiga. Mpini wake wa mti ulikuwa umelika ukafuata umbo la kiganja. Na ndiyo bastola ambayo mama mkwe wangu, Marlene, alimshinda nayo Baba kwa shabaha walipokuwa wachumba. Mpaka leo hulitaja jambo hilo akitaka kumnyamazisha.

Hapa niwaeleze kitu, maana ndicho kiini cha balaa. Mpiga shabaha wa bastola ya namna ile hufundishwa tangu siku ya kwanza: tazama kinundu kilicho mwishoni mwa mtutu, na duara kule mbali liache liwe na ukungu. Mtu anayelikodolea duara hukosea. Basi Baba alikuwa ameishi na ukungu ule maisha yake yote, na kuuheshimu. Ukungu wa kweli ulipomwingia machoni hakushtuka. Aliuona ni sehemu ya ustadi.

Wenzake klabuni hawakumsaidia. Wengi walikuwa wamekwisha kununua bastola za kisasa, zenye kioo kidogo juu na nukta nyekundu ndani yake. Unaiweka nukta juu ya duara, unafyatua, basi. Odell Pruitt, rafiki yake wa tangu utotoni, ndiye aliyezidi kwa utani.

"Vrabel, hilo chuma lako lilipigana vita gani?" alimwuliza mbele ya watu. "Siku moja jaribu kulirusha tu kwa mkono, huenda likapata alama kumi."

Watu wakacheka, Baba naye akacheka. Lakini njiani kurudi nyumbani alizungumzia bastola mpya tu, na tangu siku hiyo hakukuwa na mazungumzo mengine mezani petu. Aibadilishe au asiibadilishe? Asubuhi alisema hawezi kuuza kitu cha Stan. Jioni alisema hata Stan angekuwa hai angeibadilisha. Usingizi wake ukapungua, subira yake ikafuata. Tessa akimwaga maziwa alikemewa kana kwamba amechoma nyumba moto, yeye ambaye hapo nyuma angemwaga maziwa akaambiwa amemchorea babu ramani.

Mama Marlene alivumilia, kisha akasema. Tulikuwa jikoni tunajaza viazi kwenye pirogi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, Baba amesimama mlangoni na gazeti la matangazo ya bastola mkononi.

"Emory, mtutu hauna macho," akamwambia. "Nenda kapimwe kwanza. Ukirudi na cheti, kabadilishe hata nyumba."

"Macho yangu mazima. Hapa nilipo naiona sura yako ilivyovimba."

"Haya. Nimevaa hereni gani?"

Baba alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, akiwa amekaza uso kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Zile za kila siku," akajibu.

Mama hakuwa amevaa hereni. Hakumwambia. Aliinamia unga wake akaendelea kubonyeza kingo za pirogi kwa uma, nami nikaona machozi yakimlengalenga. Baba alipoondoka aliniambia kwa sauti ya chini anachokiogopa mumewe. Madereva wa basi la shule hupimwa kila kiangazi. Dereva asiyeona vizuri hunyang'anywa leseni siku hiyo hiyo. Na Emory, akasema, bila lile basi hajui atavaa koti asubuhi aende wapi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msimhukumu haraka. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyeogopa, na woga ukimkaa mtu mwenye sifa huvaa nguo ya ukaidi.

Wiki ile ile sanduku la barua la jirani zetu, akina Novotny, lilikutwa limelala kwenye theluji, nguzo imevunjika. Baba alisema ni gari la kukwangua theluji. Magari yale hung'oa masanduku kila mwaka, tukaamini.

Jumamosi aliniomba nimpeleke dukani kwa Lyle, muuza bastola. Alisema barabara ina barafu. Ilikuwa kavu. Alipofika aliiweka bastola ya Stan juu ya meza ya kioo, lakini kiganja chake kikabaki juu yake. Lyle alimsubiri. Ni mtu wa biashara, lakini ana utu.

"Fikiri vizuri, mzee. Ya zamani ikitoka hapa hairudi. Kuna watu wanazitafuta hizi usiku na mchana."

Baba alitazama rafuni, ambako mpya ilikuwa imelala nyeusi, haina alama ya mkono wa mtu yeyote. Akauondoa mkono wake. Njiani kurudi alikuwa mchangamfu, akapiga mluzi. Nami nilifurahi naye, maana nilidhani amani imerudi.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya chakula cha pamoja klabuni, familia zote zinakwenda. Mama alibeba pirogi na kitunguu cha kukaanga, watoto wakabaki juu na akina mama wengine, na mimi nikashuka na Mama tukakaa nyuma ya kioo kinene cha watazamaji. Msimamizi akauliza kama ilivyo desturi: upande wa kulia mko tayari? Upande wa kushoto mko tayari? Kisha milio.

Taa zilipowashwa na karatasi kuletwa, ya Baba ilikuwa mbaya kuliko zote alizowahi kupiga. Matundu mengine yalikuwa nje ya weusi kabisa. Aliiweka bastola mezani, mdomo wake kuelekea ukutani, akatangaza kwamba ameuziwa kitu kibovu. Nukta yake haikuwa nukta. Ilikuwa na mkia, kama koma, na pembeni yake kulikuwa na nyingine hafifu.

Pale klabuni kuna kanuni ya wazee. Hakuna anayebishana na mtu anayelaumu silaha yake. Mwenye kulaumu humpa mwenzake, naye hupiga kutoka meza ile ile, kwa risasi zile zile, watu wote wakitazama. Baba akamwita Odell kwa makusudi, ili amfunge mdomo.

Odell alipiga taratibu. Karatasi ilipokuja ilikuwa na kidonda kimoja tu katikati, matundu yameng'atana.

Nilingoja utani wake, na Baba naye aliungoja, niliona alivyokaza mabega. Odell hakutania. Alivua viziba masikio akamsogelea, nasi tukaingia kwa kuwa milio ilikuwa imekoma.

"Emory, mimi naona nukta ya duara," akasema kwa upole. "Kama kitufe cha shati."

"Ina mkia."

"Mkia hauko kwenye bastola, ndugu yangu. Mimi niliuona mwaka juzi kwenye taa za magari, nikamwambia mke wangu siku hizi wanatengeneza taa mbovu. Kumbe ni mtoto wa jicho." Kisha akauliza lile ambalo sisi wa nyumbani hatukuthubutu kuliuliza. "Kesho asubuhi nani anaendesha basi?"

Baba alitazama karatasi ya Odell, au alielekeza uso huko. Mikono yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa.

"Sanduku la akina Novotny nililigonga mimi," akasema mwishowe. "Sikuliona. Nilisikia tu kishindo."

Mama alimshika mkono. "Watoto walikuwemo?"

"Walikuwemo, Marlene."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za basi, akazitia kiganjani mwa mkewe na kuvifunga vidole vyake juu yake. Halafu akakaa kwenye benchi mbele ya wenzake wote, mtu mzima yule, akalia bila sauti. Odell akakaa kando yake wakagusana mabega. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeondoka mpaka yeye aliposimama.

Yaliyofuata ni mafupi. Baba mwenyewe alimpigia simu mkuu wa mabasi na kumwambia kila kitu, pamoja na habari ya sanduku. Alisimamishwa kazi. Daktari alimkuta na mtoto wa jicho macho yote mawili, la kulia limekuwa jeupe kama maziwa, akashangaa kwamba mtu huyu alikuwa barabarani. Jicho moja limekwisha kufanyiwa upasuaji, la pili linafuata. Kama atarudi kwenye usukani, kipimo cha kiangazi kitaamua, naye amekubali kiamue. Sanduku la akina Novotny amelisimamisha kwa mikono yake. Ila bastola ya Stan haikupatikana. Alipokwenda kuiuliza, Lyle alimwambia imeshachukuliwa na mtu wa Ohio. Baba aliitikia kwa kichwa tu. Kuna hasara ambazo toba haizirudishi, na ni vizuri tujue hivyo mapema.

FUNZO

Msomaji wangu, sikukatazi kupenda kitu kipya. Kipya kina raha yake. Ninachokuomba ni hiki: kabla hujakitupa cha zamani kwa kuwa hakikufai tena, jiulize kama kilichobadilika si wewe. Wapo wanaobadilisha bastola, wapo wanaobadilisha kazi, wapo hata wanaobadilisha mke, na ukungu wanahama nao.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nami naongeza kwamba kilio hicho si lazima kiwe chako. Baba alidhani anaficha siri yake peke yake, kumbe alikuwa akiificha ndani ya basi lililojaa watoto wa watu. Kuzeeka si aibu. Aibu ni kuwabebesha wengine hatari ili sifa yetu isipungue. Na ninyi mlio karibu na mzee kama huyu, mwulizeni. Mwulizeni kwa upendo, lakini mwulizeni, wala msingoje swali litoke kinywani mwa mtu wa nje. Hajachelewa mtu ambaye bado anaweza kukabidhi funguo.

Iwapo bado unadhani ya watu wazima huishia kwa watu wazima, sikiliza na hili. Asubuhi iliyofuata ile Jumanne, Baba aliketi mezani na Tessa, akamweleza kwamba kuanzia siku hiyo basi litaendeshwa na mtu mwingine, kwa sababu macho ya babu yanaumwa. Sote tulijua mtoto atalia, maana alizoea kujigamba shuleni kwamba dereva ni babu yake. Mama alikuwa amekwisha kumwandalia leso. Tessa alimaliza kutafuna mkate wake, akafuta siagi kidoleni, akamtazama Baba bila hasira yoyote.

"Babu, ukiwa unaendesha mimi huwa nafumba macho mpaka tufike."